Nyodo Mbele ya Mnyenyekevu Mkuu

Bi Mize binti Shamte alipenda kujisifu kwamba katika nchi ile nzima, mpaka hadi mpaka, hapakuwa na mtu aliyeyajua maneno kumshinda yeye. Akishasema hivyo hunyamaza kidogo ili sifa ziingie vizuri, kisha huongeza mwenyewe kwamba alisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne alilirudia, na huko kurudia hakukumaliza kwa sababu mwalimu alifariki na yeye akaona si adabu kuendelea bila marehemu.

Kazi yake ilikuwa kutunga majina ya kanga. Kiwanda kilimletea pindo na rangi, yeye akaleta maneno. Wanaume wa nchi ile walidhani kanga ni nguo. Wanawake walijua ni barua, ila haina anwani. Unaivaa, unapita nayo mbele ya watu, unarudi kwako. Hujamtaja mtu. Atakayekuja juu kukuuliza, "Yale maneno ulinikusudia mimi?" huyo ndiye mwenye barua, na amejitia mwenyewe. Huko uwani hakuna rufaa.

Nchi yenyewe haitajwi hapa, maana ukitaja jina lake sharti usimame wima mpaka uimbe beti zote kumi na mbili, na wasomaji wengine wana magoti mabovu. Itoshe kusema ilitawaliwa kwa miaka ishirini na sita na Mnyenyekevu Mkuu wa Taifa. Hapakuwa na kiongozi duniani aliyejishusha kama yeye. Katikati ya mji mkuu aliwekewa sanamu ikiwa imeinama, na hapo ilipoinama ilikuwa na urefu wa ghorofa saba. Gari lake likipita watu walilala kifudifudi barabarani, ili asije akawaona wadogo akaingiwa na majivuno.

Kila mwaka, Siku ya Unyenyekevu, alimwosha maskini mmoja mguu mbele ya taifa. Mguu huo ulivunjwa siku mbili kabla, maskini asije akapata wazo la kuurusha. Mwaka mmoja akachaguliwa mzee mwenye mguu mmoja tu. Wakauvunja huo huo, na hotuba ya siku hiyo ilihusu usawa.

*

Mlango wa nyumba ya Bi Mize ulikuwa mfupi. Fundi aliishiwa tofali, akamaliza pale alipofika, na tangu hapo kila mgeni akiingia sharti ainame. Siku moja Bi Mize ameketi barazani akiona watu wazima na matumbo yao wanavyojikunja kuingia kwake, yakamjia maneno. Akayapeleka kiwandani. Kanga ikatoka: mji wake, pale katikati, wa manjano, pindo la mananasi, na maneno haya:

NYODO FANYA KWAKO, KWANGU UTAINGIA UMEINAMA.

Ikaisha madukani kwa wiki moja. Kila mke mwenza aliivaa, kila wifi aliijibu. Watu walirushiana sufuria, mawifi wawili wa mtaa wa pili walitiana meno masikioni, na mambo yote yakaenda kama kanga nzuri inavyotakiwa iende.

Kisha mke wa waziri mmoja akaivaa Ikulu. Wapishi wa huko wanasema Mnyenyekevu Mkuu alikuwa akitembea nyuma yake, na maneno ya kanga, kama ijulikanavyo, hukaa pale chini ya mgongo, mahali ambapo macho ya wakubwa yamezoea kwenda. Wanasema alisimama ghafla. Wanasema hakumaliza chakula. Lakini hao ni wapishi. Serikali yenyewe ilitangaza rasmi kwamba kanga hiyo haijulikani Ikulu, haijawahi kuonekana Ikulu, na kwa sababu hiyo zote zichomwe moto kabla ya Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo ikatoka Sheria ya Kutokomeza Nyodo. Atakayethibitika kuwa na nyodo atapigwa makofi thelathini papo hapo, kwa mkono wa askari aliye karibu naye. Na Mnyenyekevu Mkuu, kwa kalamu yake mwenyewe, akaongeza maneno haya mwishoni: "bila kujali cheo, umri wala wadhifa, hata nikiwa mimi." Bunge lilipiga vigelegele mpaka wabunge wawili wakazirai, na wa tatu akapigwa kwa kuchelewa kuzirai.

Askari walipewa rula. Mdomo ukibinuka kupita nusu inchi, hiyo ni nyodo. Muuza vitumbua mmoja alipimwa asubuhi, akazidi kidogo, akapigwa. Mdomo ukavimba. Jioni akapimwa tena, ukazidi kwa inchi nzima, akapigwa kwa kosa la kukaidi. Kufika Alhamisi yake alikuwa mhaini.

*

Raya, binti pekee wa Bi Mize aliyebaki hai, alikamatwa sokoni akichagua nazi. Alikuwa ameivaa kanga ile.

"Vua hiyo," askari alimwambia.

"Nikivua nibaki na nini, kaka yangu? Na nyinyi macho hayo mmeyaacha nyumbani?"

Walimvunja mkono wa kulia palepale, juu ya meza ya muuza nazi, kwa kifuu cha nazi. Muuza nazi alilia. Si kwa ajili ya Raya. Walichukua na nazi.

Jioni gari la vipaza sauti likapita mtaani. Mtunzi wa kanga ile anatakiwa Jumamosi mbele ya Tume ya Kuchunguza Maana na Matumizi ya Neno Nyodo katika Fasihi na Mavazi. Atamtaja mtu aliyekusudiwa na maneno yale. Mlengwa akishajulikana, binti ataachiwa saa hiyohiyo. Asipojulikana, binti atateremshwa.

Kuteremshwa ni kutupwa kutoka utosini mwa sanamu. Kwa kuwa sanamu imeinama, mtu akirushwa kutoka utosini hagongi popote mpaka afike chini, na wahandisi walipewa nishani kwa jambo hilo.

Jirani wa Bi Mize, Bi Kazija, akaja mbio, akasahau kuinama, akajigonga mlangoni, akaingia ameshika paji la uso.

"Mize shoga yangu, mtaje marehemu yeyote yaishe!"

"Marehemu wana watoto. Watawafuata."

"Mtaje mtu wa nchi jirani."

"Ili tupigwe mabomu? Wale wana ndege, Kazija. Sisi tuna sanamu."

"Basi sema ukweli. Sema hukumkusudia mtu, ni mlango tu."

"Nimwambie mkubwa kwamba siku ile hakunijia akilini kabisa? Hiyo ndiyo itaniua haraka." Bi Mize alikuwa akikunja nguo zake, moja moja, kama mtu anayesafiri. "Nitajitaja mimi. Nitasema nyodo zilikuwa zangu, nikajiandikia mwenyewe. Raya atoke."

"Makofi thelathini! Wewe ukipiga chafya tu unakaa kitako! La kumi hulifikii!"

"Ndiyo maana nakunja nguo. Hizi za juu zako. Usimpe wifi yangu hata moja."

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa zamani wa sinema. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kitundu, mtu mwembamba aliyesoma ng'ambo mpaka akasahau alikotoka, na tangu arudishwe kwa nguvu hakusahau tena kitu chochote. Mnyenyekevu Mkuu alihudhuria kama mwananchi wa kawaida, ameketi kwenye kigoda cha mafundi viatu. Kigoda kiliwekwa juu ya jukwaa la futi tisa ili watu wakione vizuri kilivyo kidogo.

Mpigaji wa Tume aliitwa Koplo Malongo. Ilikuwa kanuni kwamba kila shahidi apigwe kabla ya kusema, na baada ya kusema, na hapo katikati kama kuna haja. Koplo Malongo alikuwa na kiganja kama mwiko wa kusongea ugali wa msibani, na alikuwa na adabu. Alilelewa na bibi yake. Hakumpiga mkubwa wake kwa umri bila kwanza kumwamkia, na hakupiga mpaka ajibiwe, kwa sababu kumpiga mtu ambaye hamjasalimiana ni utovu wa malezi. Tena hakuwahi kuuliza kwa nini. Alishampiga mjomba wake, alishampiga baba mkwe wake siku ya mahari, na wote wawili aliwaambia shikamoo.

Mahabusu walikuwa wameshalijua hilo. Wapo waliojaribu kutojibu. Lakini shikamoo ikiachwa hewani, mbele za watu, inamkereketa mtu mzima kooni. Mzee mmoja alivumilia saa tatu nzima, Koplo amesimama mkono juu, kimya. Mwisho mzee akashindwa na malezi yake. "Marahaba, mwanangu," akasema, na taya likahama.

Shahidi wa kwanza alikuwa mtu wa kamusi. Baada ya shikamoo yake, alitema damu pembeni, akasoma: "Nyodo ni dharau anayoionesha mtu kwa uso, mdomo au mwendo, kwa kujiona bora kuliko mwenzake."

"Mwenzake yupi?" akauliza Profesa Kitundu.

"Kamusi haitaji majina, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo kamusi inamficha mtu!"

Alipigwa kwa kamusi. Ilikuwa toleo la pili, lililoongezwa na kurekebishwa, kurasa elfu moja na mia moja. Walifika herufi M akaacha kupumua, na Profesa akaagiza iandikwe kwamba shahidi hakumaliza ushahidi.

Wa pili alikuwa mtunzi wa nyimbo za harusi, kijana wa miaka hamsini.

"Wewe umeliimba neno hili mara arobaini na moja, na mara zote unalisifu. Eleza."

"Mheshimiwa, katika wimbo wa mapenzi nyodo ni tamu. Mwanamke akikupita bila kukutazama, shingo imekaa upande, unampenda zaidi. Huko nyodo ni manukato. Ukimwondolea nyodo bibi harusi, wimbo unabaki na ngoma tupu."

"Kwa hiyo neno moja ni tusi na ni sifa?"

"Inategemea nani anafanya, Mheshimiwa, na nani anatazama."

Ukumbi ukanong'ona. Profesa Kitundu akaona jibu hilo lina hatari upande wowote ulipoligeuza, akaamuru lipigwe. Koplo akauliza lipigwe jibu au mtu. Ikaamuliwa mtu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Vidole vyake vya kupigia kinanda vilivunjwa kwa mpangilio, kuanzia kidogo, na kila kimoja kiliandikwa kwenye fomu, nakala tatu.

*

Kisha wakamleta Raya, mkono umening'inia, jicho moja limefunga, kamba kiunoni. Wakamketisha sakafuni. Bi Mize akaitwa.

"Mama, umekuja kufanya nini?" Raya alisema. "Si ungekimbia?"

"Nikimbie na magoti haya? Nyamaza, mwanangu."

Koplo Malongo akasogea, akavua kofia. "Shikamoo, bibi."

Bi Mize alimtazama juu mpaka chini. Angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza. Lakini kijana alisimama vizuri, kofia mkononi, na yeye hakuwahi katika maisha yake kumnyima mtoto wa mwenzake salamu.

"Marahaba. Hujambo, baba?"

"Sijambo," alisema Koplo Malongo, akampiga kofi.

Bi Mize alikuwa na meno manne. Alipookota kichwa chake na kukirudisha mahali pake yalikuwa matatu, na la nne lilikuwa limefika mpaka safu ya mabalozi. Raya alipiga ukelele mmoja. Askari akakanyaga ule mkono uliovunjika, ukelele ukakatika.

"Sasa," alisema Profesa Kitundu, "wewe ndiye uliyetunga. Nyodo ni nini?"

Bi Mize alipangusa mdomo kwa upindo wa nguo. Maneno yalitoka yakipuliza kidogo pale penye pengo jipya.

"Kiburi kinakaa moyoni, baba. Waweza kuzikwa nacho, asijue mtu. Maringo yamo mwendoni, nayo hayamdhuru mwenzio, mwenye macho na atazame. Lakini nyodo zinataka wawili. Ni mtu hana cha kukuzidi, basi anakuzidi kwa mdomo. Akikosa wa kumfanyia, hazipo. Hata sisi tukifumba macho sote leo, zinakufa."

"Jibu swali. Maneno yale yalimkusudia nani?"

"Kanga haina anwani, baba. Mwenye barua hujitokeza mwenyewe. Mkeo hajakwambia?"

Mtu fulani nyuma alicheka, akatolewa nje, na kikasikika kishindo kimoja.

"Hii Tume haitambui mila za uwani," alisema Profesa Kitundu. "Taja jina. Bila hivyo binti yako anateremshwa leo, kabla ya chakula cha mchana."

Bi Mize akavuta pumzi. Jina lake mwenyewe lilikuwa tayari ulimini, amelilainisha njia nzima tangu nyumbani. Alikuwa amefungua mdomo kabisa.

Hapo juu kwenye kigoda pakasikika kikohozi. Mnyenyekevu Mkuu aliinua mkono, na ukumbi mzima ukalala kifudifudi, Bi Mize naye akainama kadiri kiuno kilivyomruhusu.

"Wananchi," alisema Mnyenyekevu Mkuu kwa ile sauti yake ya chini iliyokuzwa na vipaza sauti kumi na sita. "Mimi ni mtu mdogo. Jambo hili limenipita kimo. Nasikia tu watu wanasumbuka na kanga, kanga. Kanga gani? Mimi sijaiona. Sijui ina rangi gani, sijui imeandikwa nini, wala sikuwahi kusomewa. Nitaisoma saa ngapi nguo ya mwanamke, mimi ninayelala saa mbili kwa ajili yenu? Kwangu mimi haipo. Namwonea huruma bibi huyu. Endeleeni kumpiga, lakini kwa upendo."

Watu wakapiga makofi sakafuni kwa viganja.

Bi Mize alibaki ameinama, akifikiri. Alikuwa ametunga majina ya kanga kwa miaka arobaini na tatu, na katika miaka hiyo alishawasikia wake wenza wengi wakisema, "Mimi hata sikuisoma." Alikuwa anaijua sauti hiyo. Jina lake akalimeza.

"Mheshimiwa," alisema, "kumbe hukuisoma! Mimi nilidhani nimekuudhi, kumbe nimewasumbua watu bure. Ningeomba nikusomee, ili ujue hakuna neno. Zote zimechomwa, na hawa wote wanaogopa kuitamka."

Profesa Kitundu alitazama juu. Mnyenyekevu Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma kubwa. "Asome. Mimi nasikia kila mtu."

Karani mwanamke aliyekuwa akipiga taipu, mama mmoja mnene aliyekuwa hajainua kichwa tangu asubuhi, akaweka karatasi mpya.

"Ilikuwa kanga ya bluu," alianza Bi Mize.

Kigoda kikalia kidogo.

"Ya bluu, pindo lake la korosho. Korosho kubwa kubwa, mbaya, nilimwambia yule fundi. Na mimi nilikuwa najua tangu mwanzo haitanunuliwa. Haikuvaliwa na mtu wa maana hata mmoja."

Mnyenyekevu Mkuu alikuwa ameshika magoti yake. Masikio yalikuwa mekundu.

"Na maneno yenyewe, Mheshimiwa, hayana ladha, nitakusomea tu. Yalisema: Nyodo fanya kwako, kwangu utaingia umechutama."

Taipu ikalia.

"Umechutama," alirudia Bi Mize, akigeukia watu taratibu, kama mwalimu anayeandikisha imla. "Yaani yule mwenye nyodo, namwona anakuja kwangu, amechutama, kama mtu mwenye shida ya tumbo..."

"UMEINAMA!"

Vipaza sauti kumi na sita vilipiga kelele mara moja. Mnyenyekevu Mkuu alikuwa amesimama juu ya kigoda.

"Umeinama, mwanamke! Kwangu utaingia umeinama! Nani kakwambia umechutama? Na si bluu, ni ya manjano! Na si korosho, ni mananasi, mananasi matatu matatu kila kona, nimeyahesa..."

Hapo akajisikia anachosema.

Ukumbi mzima ulikuwa umelala kifudifudi, lakini vichwa vilikuwa vimeanza kuinuka, kimoja kimoja, na hakuna aliyepima kwa rula. Taipu ya yule mama mnene ilikuwa bado inalia. Ilimaliza "mananasi," ikamaliza "kona," ikapiga kengele yake ya mwisho wa mstari, ikatulia.

Mdomo wa Mnyenyekevu Mkuu ulikuwa umebinuka, tena sana.

"Nimekisia tu," alisema.

Alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi, safari hii ndogo kweli, "Jamani, nimekisia."

"Mlengwa amejulikana," alisema yule karani, akisoma karatasi yake bila kuinua macho, kama anayesoma orodha ya nguo za dobi. "Tarehe, saa, mahali. Binti aachiwe saa hiyohiyo. Imeandikwa, nakala tatu."

Askari aliyeshika kamba ya Raya aliitazama kamba, akamtazama Profesa Kitundu, na Profesa Kitundu alikuwa ameingia chini ya meza. Kamba ikaachiwa. Raya akainuka kwa goti moja, kisha la pili, akiuegemea ubavu wa mama yake, na Bi Mize akamshika pale penye mkono mzima.

"Twende, mama," Raya alinong'ona. "Twende sasa hivi."

"Ngoja kidogo."

Maana Koplo Malongo alikuwa anapanda ngazi za jukwaa. Alikuwa akitazama huku na huku kuona kama kuna askari mwingine aliye karibu zaidi. Hapakuwa na mwingine. Walinzi wote walikuwa wamekumbuka kwamba wana shughuli mlangoni. Sheria aliikariri yote, mpaka yale maneno ya mwisho yaliyoongezwa kwa kalamu. Alifika mbele ya kigoda, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema kwa adabu.

Na Mnyenyekevu Mkuu, akiwa bado anatafuta uongo mwingine wa kuufunika ule wa kwanza, alijibu bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita ya kuamkiwa na kila mtu:

"Marahaba."